Ukijua "kukaa", nusu ya "quedar" umeshaijua

Vitabu vingi vya Kihispania vinavyotufikia sisi tunaozungumza Kiswahili vimepitia Kiingereza kwanza. Mwandishi alimlenga Mwingereza au Mmarekani, akampangia maana za kila kitenzi kwa lugha yake, nasi tunazipokea zikiwa zimeshachujwa. Kwa vitenzi vingi hasara yake ni ndogo. "Comer" ni kula, "dormir" ni kulala, basi. Lakini "quedar" inaumia sana njiani. Kila nikianza na mwanafunzi mpya ananiletea orodha ya maana nane au tisa zisizo na undugu, amezikariri kama namba za simu, na hajui kwamba lugha aliyokua nayo inafanya karibu yale yale, tena mara nyingine kwa muundo ule ule.

Naishi Salamanca, mji wa chuo kikuu magharibi mwa Uhispania, na kazi yangu ni kufundisha Kihispania kwa njia ya mtandao. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa kijiji cha jirani, ambaye hamalizi kifungua kinywa bila kulitumia neno hili. Mengi ya nitakayoyasema niliyasikia jikoni kwake kabla sijayakuta kwenye kamusi.

Tuanze na asili yake. "Quedar" imetoka kwenye Kilatini "quietare", yaani kutuliza. Ndugu yake ni "quieto", neno utakalolisikia kwenye kila bustani wanakochezea watoto: "¡Estate quieto!", tulia wewe! Ukilishika hilo, mengine yanajipanga. Kitenzi hiki kinatazama pale mwendo ulipokoma. Mtu alikuwa anazunguka, sasa ametulia mahali. Mayai yalikuwa mengi, yakaliwa, yapo mawili. Watu walivutana, wakafika kwenye neno moja. Anayesema "quedar" anataja hali iliyopo baada ya hayo yote kupita.

Sasa kichukue kitenzi chetu "kukaa". Kaa hapa: "quédate aquí". Kaa kimya: "quédate callado". Umelipa, mhudumu anataka kukurudishia chenji, unamwambia kaa nayo: "quédese con la vuelta". Rafiki anatoka kwenye chumba cha kujaribia nguo, unamtazama juu mpaka chini, unamwambia hiyo imekukaa: "te queda muy bien". Mambo manne, kitenzi kimoja kwao, kitenzi kimoja kwetu. Anayetafsiri kupitia Kiingereza atahitaji neno jipya karibu kila hatua, na ndiyo maana kitabu chake kina orodha ndefu. Wewe huihitaji.

Nguo ikiwa kubwa, "me queda grande", inanipwaya. Na kama vile sisi tunavyosema cheo kimempwaya fulani, Wahispania nao husema "el cargo le queda grande". Niliisikia redioni, mchambuzi mmoja akimzungumzia waziri, nikafurahi sana. Sikuwa na haja ya kuuliza maana yake, ilikuwa imeshanifikia.

Mfano mwingine ninaoupenda, ingawa ni wa kipindi kigumu, ni wa mwaka 2020. Machi mwaka huo serikali ya Uhispania ilitangaza hali ya tahadhari na watu wakatakiwa wajifungie majumbani. Kauli iliyotapakaa kila mahali, kwenye runinga, kwenye simu, kwenye vioo vya maduka yaliyofungwa, ilikuwa "Quédate en casa". Kwa Kiswahili watu walikuwa wakiambiana "Kaa nyumbani". Neno kwa neno. Oktoba ikaja "toque de queda", amri ya kutotembea usiku, ambayo kwa sehemu kubwa ya nchi ilianza saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi, na hali mpya ya tahadhari iliyoileta ikakoma Mei 2021. Wanafunzi wengi hudhani "queda" ya hapo ni neno jingine. Ni la ukoo ule ule. Zamani "la queda" ilikuwa saa ya usiku ambayo kengele ililia mjini, watu wote warudi ndani watulie. "Toque" ndio mlio wenyewe.

Hadi hapa "kukaa" imetubeba. Kuanzia hapa tunamwita ndugu yake, "kubaki".

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wafunge kitabu. Mama mwenye nyumba anafungua friji, anainama, anasema: "Nos quedan dos huevos." Kitabu kitakueleza kwamba hii ni sentensi iliyopinduliwa, kwamba kitenzi kinafuata mayai na wala si watu, kwamba mtu anageuka mtendwa, kisha kitakupa jedwali la kukariri. Likibaki yai moja kitenzi kinabadilika: "nos queda uno". Watu hulilia jedwali hilo. Sisi je, tunasemaje? Yametubakia mayai mawili. Litazame hilo neno kwa makini. "Ya" ni mayai, yametangulia na ndiyo yanayoongoza kitenzi. "Tu" ni sisi, tumewekwa katikati kama watendwa. Ile "-ia" ya mwisho ndiyo inayotuhusisha na kubaki kwenyewe. Likiwa moja tunasema limetubakia yai moja, kitenzi kinafuata yai. Hata mpangilio ni ule ule, mayai yanakuja mwisho: "nos quedan dos huevos", yametubakia mayai mawili.

Kwa hiyo "me quedan" ni yamenibakia, "te quedan" ni yamekubakia, "le quedan" ni yamembakia. Hakuna kilichopinduliwa. Kimepinduka kwa yule anayetaka kusema "mimi nina mayai mawili yaliyobaki", akijiweka mbele ya kila kitu. Kiswahili hakikulazimishi ujiweke mbele, na Kihispania vilevile. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wenye akili nzuri wakiamini kwamba lugha hii ni ngumu kwao, na ugumu wenyewe ni wa kuazima.

Turudi jikoni. Mayai mawili hayatoshi "tortilla", kimanda chao cha viazi, kwa hiyo huwa natumwa sokoni, pale nyuma ya uwanja mkuu. Nikirudi viazi vimeshakatwa vipande vyembamba na viko kwenye mafuta ya zeituni, moto mdogo, vinalainika bila kugeuka rangi. Vinachujwa mafuta, vinachanganywa na mayai yaliyopigwa, vinarudi kikaangoni. Kisha kinakuja kile kitendo ambacho kila nyumba hapa ina bingwa wake: sahani inafunikwa juu ya kikaango, mkono mmoja juu, mwingine kwenye mpini, inageuzwa kwa pigo moja, inarudishwa upande wa pili. Anakata kipande, anaonja, anatikisa kichwa: "Me ha quedado un poco seca, hija."

Hiyo "me" ndiyo roho ya sentensi, na Kiswahili kinayo: imenikaukia kidogo. Mpishi ni yeye na matokeo yamemfika yeye, lakini hakusema "nimeikausha". Tortilla imekauka, na kukauka huko kumemwangukia. Tuna vitenzi chungu nzima vya namna hii: wali umeniungulia, chai imenipoea, mtoto amenilalia. Mimi humjibu "¡Qué va! Te ha quedado buenísima", hata kidogo, imekutokea tamu sana, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Muundo huu Wahispania wanautumia kwa chochote kilichotoka mikononi mwa mtu: barua, picha, ukuta uliopakwa rangi, nywele zilizokatwa. "¿Cómo te ha quedado?" ni kuuliza imetokaje, kazi imeishia wapi.

Tukija kwenye "quedarse" ya mabadiliko, "kubaki" bado ndiyo ufunguo. Alibaki mdomo wazi: "se quedó con la boca abierta". Alibaki peke yake: "se quedó solo". Alibaki yatima, alibaki mjane: "se quedó huérfano", "se quedó viuda". Kihispania kina vitenzi kadhaa vya kusema mtu amekuwa namna fulani, na walimu wengi huvimwaga vyote kwa siku moja, jambo nisilolipenda. Kwa kifupi, "hacerse" ni ya hatua kwa hatua, mara nyingi kwa juhudi au kwa kupita kwa muda ("hacerse médico", "hacerse viejo"). "Ponerse" ni ya hali ya kupita, kama wasiwasi au uso kuwa mwekundu. "Volverse" ni ya tabia au akili kugeuka. "Quedarse" inakuja pale jambo limeshatokea, mara nyingi limeondoka na kitu, na mtu amebaki hivyo: "quedarse ciego", kupofuka, "quedarse sordo", kuziwika, "quedarse calvo", kupata upara, "quedarse sin trabajo", kubaki bila kazi. Usiifanye sheria ya chuma, lakini. Mtu aliyesema yote yaliyomkaa rohoni "se queda a gusto", amebaki mwepesi, hakupoteza kitu cha maana.

Hiyo "quedarse sin" ichukue mapema, itakufaa kila siku. Ni ile yetu ya kuishiwa. "Me he quedado sin batería", nimeishiwa chaji. "Nos hemos quedado sin pan", tumeishiwa mkate. Gari limeishiwa mafuta njiani, "nos hemos quedado sin gasolina". Mtihani uko mbele yako na kichwa ni cheupe, "me he quedado en blanco". Na "quedarse dormido" ni kupitiwa na usingizi. Ukimwambia bosi wako asubuhi "me he quedado dormido" ataelewa mara moja kwa nini umechelewa, sentensi ya pili haihitajiki.

Kuna uwanja mmoja ambao "kukaa" na "kubaki" havitufikishi, na ndio unaohitaji kazi: miadi. Uhispania "quedar" ni kupanga kuonana. "¿Quedamos mañana?" Tuonane kesho? Hapa Salamanca jibu linajulikana kabla hujauliza wapi: "debajo del reloj", chini ya saa. Ni saa ya Plaza Mayor, uwanja uliojengwa kati ya 1729 na 1755, iliyoko juu ya jengo la halmashauri ya mji upande wa kaskazini. Jioni ya Ijumaa ukisimama pale utawaona wamejipanga, mmoja mmoja, macho mara kwenye simu mara kwenye watu wanaoingia chini ya matao. Kila mmoja "ha quedado" na mtu.

Na "he quedado" ni sentensi kamili. Ukialikwa mahali na huwezi, unasema "no puedo, he quedado", nina miadi. Hakuna anayekudai jina la uliyepanga naye. Naona uungwana mkubwa katika hilo.

Viunganishi vyake vitatu vinatosha: "con" kwa mtu, "a" kwa saa, "en" kwa mahali au kwa jambo mlilokubaliana. "He quedado con mi prima a las ocho en el reloj", nimepanga kuonana na binamu yangu saa 2 usiku kwenye saa. "Quedamos en que tú traías el vino", tulikubaliana kwamba mvinyo utaleta wewe. Na mtu akisema hivi asubuhi na vile jioni, ataulizwa "¿en qué quedamos?", yaani tushike lipi? Sijui lugha nyingine ambamo kukata maneno ya mvutano wa nyumbani ni kwa maneno matatu mafupi namna hiyo.

Hapa "se" ya "quedarse", ambayo kwa mimi inakuwa "me", ina uzito, na ni pahala pa kusimama kidogo. "He quedado en casa de mi prima" maana yake nimepanga kuonana na mtu huko. "Me he quedado en casa de mi prima" maana yake nimekaa huko, labda nimelala huko. Silabi moja ndogo, na anayekusubiri chini ya saa ataelewa kitu tofauti kabisa. Mwanafunzi wangu akiuliza lini atie "se", namwambia ajiulize kama angesema kaa, kubaki au kushika katika hali fulani akiwa yeye mtu mwenyewe. Kama ndiyo, aitie. Kama ni miadi, asiitie. Kama ni vitu vilivyobaki, umbali, au nguo mwilini, asiitie.

Umbali huo nao ni mwepesi. "¿Dónde queda la farmacia?", duka la dawa liko wapi. "¿Queda mucho?" ni swali la watoto wote kwenye viti vya nyuma vya magari yote: bado sana? "Queda poco", bado kidogo. Matokeo ya michezo pia: "¿cómo han quedado?", wametokaje? Fainali ya Kombe la Dunia ya 2010 pale Johannesburg "quedó 1-0" dhidi ya Uholanzi, bao la Iniesta kwenye muda wa nyongeza, na Uhispania "quedó campeona del mundo".

Ukihamia kwenye lugha ya serikali, kitenzi kinavaa joho. "Queda prohibido fumar", ni marufuku kuvuta sigara. "Queda usted detenido", uko chini ya ulinzi. Jaji akimaliza kusikiliza kesi husema imebaki "vista para sentencia", inasubiri hukumu tu. Mstari ninaowasomesha wanafunzi wa ngazi ya juu uko kwenye kifungu cha 15 cha Katiba ya Uhispania ya 1978: "Queda abolida la pena de muerte", adhabu ya kifo imefutwa, isipokuwa kwa yale ambayo sheria za kijeshi zingeweza kuelekeza wakati wa vita. Mwaka 1995 sheria nyingine ikaiondoa hata hapo. Waandishi wa katiba wangeweza kuandika "es abolida". Waliandika "queda": tangu sasa, na hali ibaki hivyo. Uzito wa kifungu chote nausikia kwenye neno hilo.

"Quedarse con" ina mtaa wake. Umejaribu viatu, vimekukaa, unamwambia muuzaji "me los quedo", navichukua. "No me quedo con los nombres", majina hayanikai kichwani. "Me he quedado con tu cara", sura yako nimeishika, na ikisemwa kwa sauti nzito ni onyo. Kwa Uhispania "¿te estás quedando conmigo?" ni unanitania wewe? Hii ya mwisho nawashauri waielewe na wasiiharakie, inataka mazoea na unayemwambia.

Ng'ambo ya bahari mambo yanabadilika kidogo. Mexico na Colombia utasikia "quedé de llamarlo", niliahidi kumpigia, mahali ambapo Mhispania angesema "quedé en llamarlo". Fundi wa Mexico akimaliza kukutengenezea kitu anasema "ya quedó", tayari. Chile mambo yakiharibika watu husema "quedó la escoba", neno kwa neno "imebaki fagio", yaani ni vurugu tupu. Na ile "quedar" ya miadi inayotawala Uhispania, Amerika ya Kusini wengi huiacha na kusema tu "nos vemos".

Huku magharibi mwa Uhispania kuna matumizi ambayo vitabu vingi havina kabisa. Mama mwenye nyumba akitoka mapema huniambia kupitia mlango: "Te he quedado las llaves en la mesa." Nimekuachia funguo mezani. Kwa Kihispania cha shuleni hapo panatakiwa "dejado", kwa sababu "quedar" haichukui mtendwa namna hiyo. Lakini Salamanca, Zamora, Cáceres na vijiji vya pembeni yake watu wamesema hivyo vizazi na vizazi, wazee hasa. Ninawafundisha wanafunzi wangu wayatambue matumizi haya na wasimsahihishe mtu anayeyasema nyumbani kwake. Kwenye mtihani waandike "dejar".